Kwa nini Obamacare ilichukiwa ilipopitishwa, ikapendwa ilipotaka kufutwa?

Mwalimu wa Kihesa

Ndugu zangu, naomba kueleweshwa jambo ambalo kila nikilisoma linanipa utata mpya. Sheria ya mageuzi ya bima ya afya ya Marekani, ambayo wengi tunaijua kwa jina la Obamacare, ilitiwa saini na Rais Barack Obama tarehe 23 Machi 2010. Siku mbili kabla yake Baraza la Wawakilishi lilikuwa limeipitisha kwa kura 219 dhidi ya 212, na hakuna mbunge hata mmoja wa Republican aliyeiunga mkono. Hilo peke yake lisingenishangaza, kwa kuwa upinzani hupinga. Kinachonishangaza ni kwamba sharti lililolaaniwa kuliko yote, la kumtaka kila mtu awe na bima au atozwe faini, lilipigiwa debe tangu 1989 na Heritage Foundation, taasisi ya wahafidhina, kisha mwaka 2006 likaanzishwa Massachusetts chini ya gavana wa Republican, Mitt Romney.

Utata wa pili ni wa maoni ya wananchi. Taasisi ya KFF, ambayo imekuwa ikiwauliza Wamarekani kuhusu sheria hii tangu ipitishwe, ilikuta Julai 2014 kwamba asilimia 53 wanaitazama vibaya na asilimia 37 tu ndio wanaoitazama vizuri. Mwaka 2017 Warepublican wakawa na Ikulu na mabaraza yote mawili ya Bunge, yaani wenye uwezo kamili wa kuifuta, na hapo ndipo wanaoipenda walipoanza kuwazidi wasioipenda. Katika miaka ya karibuni wanaoipenda wamekuwa takriban asilimia 60.

Je, kwa miaka ile ya mwanzo watu walikuwa wakiipima sheria, au waliulizwa kuhusu bima wakajibu kuhusu chama chao? Na kama walijibu kuhusu chama, ni kitu gani kilichobadilika 2017, wakati vyama vilikuwa vilevile na uhasama umezidi? Naomba majibu yenye matukio, si ya kusema tu kwamba Wamarekani ndivyo walivyo.

Msomaji Mkongwe

Mwalimu, nianze mbali kidogo, kwa sababu anayeanzia 2010 ataona kila kitu ni chama.

Medicare, bima ya serikali kwa wazee wa miaka 65 na zaidi, ilipitishwa 1965 kwa kura 307 dhidi ya 116 katika Baraza la Wawakilishi, na Warepublican 70 waliipigia kura ya ndiyo. Tarehe 30 Julai Rais Lyndon Johnson alisafiri hadi Independence, Missouri, akaitia saini mbele ya Harry Truman, ambaye miaka ya 1940 alitaka bima ya afya ya taifa zima akaangushwa na kampeni ya chama cha madaktari, American Medical Association, iliyowatisha watu kwamba huo ni ujamaa. Vita ya zama zile ilikuwa ya madaktari na serikali zaidi kuliko ya chama na chama.

Sasa tazama kisa ambacho wengi hukiruka. Mwaka 1988 Bunge, kwa kura nyingi za vyama vyote viwili, liliongeza katika Medicare kinga dhidi ya gharama kubwa za hospitali na dawa, na Ronald Reagan akatia saini. Gharama yake walibebeshwa wazee wenyewe, na wale wenye kipato kizuri waliongezewa kodi ambayo ingeweza kufika dola 800 kwa mtu kwa mwaka. Kodi ilianza kukatwa kabla manufaa mengi hayajafika, tena wengi wa waliokatwa tayari walikuwa na bima ya ziada kutoka kwa waajiri wao wa zamani. Agosti 1989 mjini Chicago, Dan Rostenkowski, mwenyekiti wa kamati ya kodi ya Baraza la Wawakilishi na mmoja wa wakubwa wa Democratic, alizingirwa na wazee waliokuwa wakimzomea. Alipoingia garini, mwanamke mmoja mzee akalala juu ya boneti ili gari lisiondoke, na mheshimiwa akashuka akaondoka kwa miguu, hatua zikiongezeka kasi. Kabla mwaka haujaisha, sheria ile iliyopitishwa kwa maridhiano makubwa ilikuwa imefutwa.

Kwa hiyo kura za vyama vyote si kinga. Mtu akiona anachonyang'anywa kabla ya kuona anachopewa, hatauliza nani alipiga kura gani.

Hesabu za vyama zilibadilika 1993, Bill Clinton alipoleta mpango wake. Desemba ya mwaka huo William Kristol, mpanga mikakati wa Republican, aliwaandikia viongozi wa chama chake waraka wa kuwashauri wasiurekebishe mpango ule bali wauue kabisa, kwa hoja kwamba ukifaulu utakipa Democratic upya sifa ya kuwa mlinzi wa watu wa tabaka la kati. Soma hoja hiyo mara mbili, Mwalimu. Hofu haikuwa kwamba sheria itaharibika. Hofu ilikuwa kwamba itapendwa. Mpango wa Clinton ukafa Septemba 1994, na Novemba Warepublican wakachukua mabaraza yote mawili.

Ukiifahamu hoja hiyo utaelewa kwa nini mwaka 2013 walikubali hata shughuli za serikali zifungwe. Tarehe 1 Oktoba ndipo masoko ya bima ya Obamacare, yaani mahali ambapo mtu hujinunulia bima ya kampuni binafsi, yalipofunguliwa, na siku hiyohiyo serikali ikafungwa kwa sababu ya madai kwamba sheria inyimwe fedha, ikabaki hivyo hadi tarehe 16. Walijua kuwa manufaa makubwa yangeanza Januari 2014. Yaani kwa karibu miaka minne tangu saini ya Obama, raia wengi walikuwa wakiulizwa maoni juu ya kitu ambacho hawajakigusa, na mtu asiyekigusa kitu atajibu kwa kumsikiliza anayemwamini. Hilo ndilo jibu langu kwa swali lako la kwanza.

Mkalimani wa Louisville

Mwalimu, mimi ni mama wa Kikongo, ninaishi Kentucky, na kazi yangu ni ukalimani wa Kiswahili kliniki na katika ofisi za maombi ya bima. Nitaongeza ninachokiona mezani.

Jimbo letu ni la Republican kwelikweli katika uchaguzi wa rais, lakini wakati ule gavana alikuwa Mdemokrati, Steve Beshear. Aliipanua Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, kuanzia Januari 2014, na akajenga soko la bima la jimbo lililoitwa Kynect. Mpango haukubeba jina la Obama, na nina hakika haikuwa bahati mbaya. Idadi ya watu wasio na bima Kentucky ilishuka kwa kasi ambayo majimbo machache sana yaliikaribia.

Kinachowapotea watu wengi ni namna manufaa yanavyofika mkononi. Aliyepata Medicaid hapa hupewa kadi yenye jina la kampuni binafsi ya bima, kwa sababu jimbo linazilipa kampuni hizo ziwahudumie wanachama. Nilikuwa namsaidia mama mmoja kutoka Fizi kujaza fomu, na meza ya pili alikuwepo mzee mzawa wa hapa, fundi wa paa, aliyekuwa ametoka kuandikishwa. Alikuwa akiigeuzageuza karatasi yake, akamuuliza ofisa: "Hii lakini si ile ya Obama, sivyo?" Ofisa akamjibu kwa upole kwamba ni Kynect. Yule mzee akaikunja vizuri, akaitia mfukoni, akashukuru. Alikuwa ameupokea msaada wa sheria ile, na angeulizwa kwa simu jioni hiyo, huenda angesema haipendi, wala asingekuwa anadanganya.

Mwaka 2015 Kentucky ikamchagua Matt Bevin, Mrepublican aliyeahidi kuivunja Kynect, na akaivunja kweli, watu wakahamishiwa tovuti ya serikali kuu. Alipotaka wanaopata Medicaid wathibitishe kwamba wanafanya kazi, jaji wa serikali kuu alimzuia mwaka 2018. Mwaka 2019 akashindwa, kwa kura elfu tano na kidogo, na Andy Beshear, mtoto wa gavana yuleyule, ambaye baadaye aliirudisha Kynect. Msikimbilie kusema bima ndiyo iliyomwangusha, kwa sababu Bevin aligombana pia na walimu kuhusu pensheni zao. Lakini Medicaid yenyewe hakuthubutu kuifuta yote, na hilo lina maana yake.

Dereva wa Houston

Wapendwa, nimewasoma kwa makini na ninakubaliana na mengi, ila naona mnaandika kana kwamba kila aliyeichukia Obamacare alidanganywa na chama chake. Si kweli.

Mimi naendesha lori langu mwenyewe, ninajilipia bima mwenyewe. Sheria ilimpa ruzuku mtu ambaye kipato chake hakizidi mara nne ya kiwango cha umaskini. Aliyezidi hata kwa dola moja hakupata chochote, naye alilipa bei nzima, na bei hiyo kwa mtu wa makamo mwenye familia ilikuwa ya kutisha, tena kabla bima haijaanza kulipa unatakiwa utoe maelfu ya dola mfukoni. Obama aliahidi mara nyingi kwamba anayeipenda bima yake atabaki nayo. Mwishoni mwa 2013 mamilioni ya watu walipokea barua za kufutiwa bima zao za zamani kwa sababu hazikutimiza masharti mapya, na yeye mwenyewe akaomba radhi hadharani Novemba ya mwaka huo. Tovuti ya kujiandikisha nayo ilikwama tangu siku ya kwanza. Aliyekasirishwa na hayo alikuwa na sababu yake, awe wa chama chochote.

Kisha kuna ufundi wa sheria ambao maoni ya watu hayawezi kuukwepa. Wananchi, wakiwemo Warepublican wengi, walilipenda sharti la kwamba kampuni isimkatae mgonjwa wala kumwongezea bei kwa ugonjwa aliokuwa nao kabla ya kukata bima. Walilichukia sharti la kila mtu kuwa na bima. Lakini kama mgonjwa hakataliwi na mzima halazimishwi, mzima atangoja mpaka augue, na bima itabaki na wagonjwa watupu. Sheria iliinjikwa kwenye mafiga matatu, yaani kutokukataa mgonjwa, kulazimisha wote na kutoa ruzuku, na watu walitaka kula chakula huku wakilipiga teke figa moja. Mwishoni mwa 2017 Bunge liliifanya faini kuwa sifuri kuanzia 2019, na ajabu ni kwamba soko halikuanguka, kwa sababu ruzuku zilitosha kuwabakiza watu.

Ruzuku zenyewe ziliongezwa 2021, na ule mpaka wa mara nne ukaondolewa hadi mwisho wa 2025. Kwa miaka hiyo hata sisi madereva tulipumua. Waandikishwaji wa masoko hayo wakafika takriban milioni 24 mwaka 2025, na wengi walikuwa wa majimbo kama Florida na hapa Texas, majimbo yaliyokataa kupanua Medicaid. Hilo nalo linaongeza wapenzi wa sheria bila mtu kubadili chama.

Bint Mvita

Naandika kutoka Mombasa, na kwa ufupi, kwa kuwa mada ni ya Marekani. Nalinganisha tu kwa sababu sisi nasi tumo ndani ya mageuzi yetu. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 mamlaka mpya ya bima ya afya ya Kenya, SHA, imechukua nafasi ya mfuko wa zamani, NHIF, na mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara wote, ilhali zamani mchango wa juu kabisa ulikuwa shilingi 1,700 kwa mwezi. Mahakama Kuu ilitangaza Julai 2024 kwamba sheria zake zinapingana na Katiba, Mahakama ya Rufani ikasimamisha uamuzi huo, na kazi ikaendelea.

Tofauti ninayoiona ni hii. Huku kwetu miungano ya vyama huvunjika na kuungwa upya, na mwaka huohuo wa 2024 watu wa upinzani waliingia serikalini. Kwa hiyo jirani yangu hawezi kukopa maoni yake ya SHA kutoka kwa chama, maana chama chenyewe hajui kesho kitakuwa upande gani. Anaihukumu palepale kwenye dirisha la hospitali, kwa kuangalia kama amepokelewa au ameambiwa alipe taslimu. Mmarekani ana vyama viwili vilivyodumu zaidi ya karne na nusu. Nadhani ndiyo maana kwao sheria inaweza kukaa miaka minne ikichukiwa kabla haijaanza, nasi tukaikubali au kuikataa ndani ya wiki chache.

Mwalimu wa Kihesa

Nawashukuru wote. Hoja ya miaka minne ya kungoja imenifungua macho, na ya Dereva imenizuia nisiwaambie wanafunzi wangu kwamba upinzani wote ulikuwa ushabiki. Lakini bado kuna kitu hakijakaa sawa. Ikiwa watu waliipenda sheria ilipotishiwa 2017, mbona Julai 2025 Bunge limepunguza fedha za Medicaid kwa kiasi kikubwa, na waliopiga kura hiyo hawakuogopa?

Msomaji Mkongwe

Waliogopa, Mwalimu, ndiyo maana walifanya tofauti.

Mwaka 2017 walisema wazi kwamba wanafuta. Ofisi ya Bajeti ya Bunge ikakadiria kwamba chini ya muswada uliopitishwa na Baraza la Wawakilishi mwezi Mei, watu milioni 23 zaidi wangekuwa bila bima kufikia 2026. Idadi hiyo kila mtu aliielewa, na kila mwenye mtoto mgonjwa alijiona ndani yake. Watu wakajaa mikutanoni kuwahoji wabunge, safari hii kuwazomea Warepublican, kama Wademokrati walivyozomewa Agosti 2009. Magavana wa Republican waliokwisha kupanua Medicaid, kama John Kasich wa Ohio, wakapinga hadharani. Usiku wa kuamkia tarehe 28 Julai muswada wa mwisho ukaanguka Seneti kwa kura 49 dhidi ya 51. John McCain, aliyekuwa ametoka kugunduliwa saratani ya ubongo, alisimama mbele ya meza ya makarani, akanyoosha mkono, akashusha dole gumba chini. Wenzake wawili, Susan Collins na Lisa Murkowski, nao walikataa.

Somo walilolichukua ni kutotamka tena neno kufuta. Sheria ya 2025, ambayo ilipita kwa kura 218 dhidi ya 214 na kusainiwa tarehe 4 Julai, haisemi inaondoa Medicaid. Inasema mtu mzima mwenye nguvu athibitishe saa 80 za kazi au shughuli nyingine inayokubaliwa kila mwezi, na sharti hilo limepangwa lianze kufikia Januari 2027, yaani baada ya uchaguzi wa Bunge wa Novemba 2026. Ukimuuliza raia kama mwenye nguvu afanye kazi, wengi watasema ndiyo, hata baadhi ya Wademokrati. Makaratasi ndiyo yatakayowatoa watu, na aliyetolewa kwa kukosa karatasi hujilaumu mwenyewe kabla ya kumlaumu mbunge.

Pia usidhani kwamba kuipenda bima ni kuhama chama. Juni 2020 wapiga kura wa Oklahoma waliamua wenyewe kupanua Medicaid, ingawa kwa asilimia 50.5 tu, na Novemba ya mwaka huohuo Donald Trump akashinda katika kaunti zote 77 za jimbo hilo. Missouri nayo ilipiga kura ya kupanua Agosti 2020 kwa asilimia 53, wabunge wa jimbo wakagoma kutoa fedha, mpaka Mahakama ya Juu ya Missouri ikaamua mwaka uliofuata kwamba upanuzi huo ni halali. Wabunge wale hawakuadhibiwa na chama chao. Mbunge katika eneo la chama kimoja haogopi wananchi wote. Anaogopa wale wachache wanaojitokeza kwenye kura za mchujo za chama.

Mkalimani wa Louisville

Naomba niongeze jambo moja ambalo linatugusa tunaosoma Kiswahili humu. Sheria hiyo ya 2025 inaondoa Medicaid kwa wakimbizi wengi na waliopewa hifadhi ambao hawajapata ukaazi wa kudumu, kuanzia tarehe 1 Oktoba 2026. Sikusikia kipengele hicho kikijadiliwa kwa kelele kama makato mengine, na sababu ni ya kisiasa tupu, kwamba mkimbizi hapigi kura. Hata Wademokrati waliokataa kupitisha bajeti Oktoba na Novemba 2025, serikali ikafungwa siku 43, walikuwa wakipigania zaidi zile ruzuku alizozitaja Dereva, ambazo zinawagusa wapiga kura wa majimbo yote.

Wenye ukaazi wa kudumu sheria imewabakiza. Mkimbizi anaruhusiwa kuuomba baada ya kukaa mwaka mmoja, kwa hiyo mwenye ndugu hapa Marekani ambaye ametimiza mwaka na hajaomba, amwambie apeleke maombi mapema, na nakala ya risiti ya maombi aitunze pamoja na karatasi zake za bima. Anayehitaji msaada wa kujaza fomu aulize kwanza katika shirika lililompokea alipofika, kwa kuwa mengi yana wakalimani na hayatozi fedha.

Mwalimu wa Kihesa

Ahsante, mama. Nina binamu Louisville aliyefika mwaka juzi kutoka kambi ya Nyarugusu, nitampigia simu usiku huu.